Makadirio Yangu ya Matumbo ya Swima

Jumatatu, 10 Juni 2024, Baraka
Ketsia, infirmière, yaani muuguzi, mutoto wa dada yangu, amerudi kutoka mafunzo. Anasema mabingwa banakadiria, nchi kwa nchi, batoto bangapi batapata ugonjwa wa utumbo kuvimba miaka inayokuja. Kuharisha miezi mingi, damu, kukonda. Nikauliza huku kwetu batakuwa bangapi. Akajibu kwetu hakuna aliyehesabu. Na mi niko hapa! Mi niliyehesabu samaki wa ziwa hili mpaka wakaanza kujificha. Shule niliacha mwaka wa tano, ni kweli, lakini ni yenyewe ilishindwa kunifuata.

Jumatano, 12 Juni, Swima
Nimefikia kwa shemeji. Nimetangaza: mutoto mwenye kuumwa tumbo aje aandikwe, apewe andazi. Asubuhi bane. Saa sita, thelathini na saba. Mumoja nimemuandika mara tatu, jina jipya kila mara, shati ileile. Ugonjwa unapenda kurudi.

Alhamisi, 13 Juni
Themanini na tisa. Nimepiga mustari. Ukiufuata, mwaka 2030 bagonjwa ba Swima batapita batoto bote ba Swima. Bengine itabidi batoke Lweba, kijiji jirani. Mutoto mumoja tu ameniharibia kazi: Saumu, binti wa Ramazani mvuvi, miaka kumi. Alikaa mbali, akakataa andazi. Baba yake akasema hata samaki anakataa siku hizi. Nikaandika: Saumu, muzima.

Ijumaa, 14 Juni, Baraka
Ketsia amesoma kaye yangu, daftari la hesabu, akacheka mpaka akashika meza. Akauliza: mujomba, ungegawa nyama, ugonjwa si ungefika Kazimia? Kisha akafika kwenye jina la Saumu, akaweka kidole hapo. Akauliza ni mutoto gani wa Swima anayekataa andazi, na kama amekonda. Nikakumbuka mikono yake, myembamba kama fito. Tukapanda pikipiki palepale kwenda Swima.
Kumbe Saumu anaharisha damu miezi mitano. Mama yake alikuwa anaficha kwa haya, anampa dawa ya minyoo. Ketsia akamwambia Ramazani asichelewe, mutoto apelekwe kwa daktari mukubwa Bukavu, la sivyo watampoteza. Ramazani akaniangalia. Nikatoa kaye, nikafuta hesabu yangu mwenyewe: Saumu, muzima. Mara ya kwanza tangu ubatizo.

Jumapili, 25 Agosti, Swima
Saumu amerudi kutoka Bukavu. Ulikuwa ugonjwa uleule wa utumbo kuvimba. Dawa atakunywa muda mrefu, lakini damu imekoma na mashavu yameanza kujaa. Leo amekula ugali na ndakala, samaki badogo ba ziwa, akaomba tena. Ramazani amenishika mikono yote miwili, akasema Mungu ndiye alinituma. Nimetoka nje kupangusa macho. Vumbi ya Swima iko nyingi.
Asante Mungu. Asante Ketsia pia, musaidizi wangu hodari. Ameniomba niahidi sitahesabu batoto tena. Nimeahidi kwa moyo wote.
Kesho naanza bamama. Mwenye kuumwa kichwa atapewa sabuni.