Upinde Mmoja, Kofia Mbili

Abdulsamad alimwona yule mama wa Kihindi amesimama mbele ya dirisha la duka la michezo pale Stratford, anatazama pinde. Hakuwa akitazama viatu vya mpira wala raketi. Pinde tu, na kila akisoma bei anafyonza. Moyo wa Abdulsamad ukafurahi, maana anayefyonza mbele ya bei ni mtu anayekitaka kitu. Asiyekitaka hupita zake.

"Wanatunyonya, mama," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayetoa mkono wa tanzia. "Kijiti na uzi, bei ya ng'ombe."

Mama akageuka taratibu. "Umejuaje kama nasema Kiswahili?"

"Kikapu chako cha ukindu. Nani Landani hii anabeba kikapu cha ukindu ila mtu wa kwetu?"

Mama akacheka, na baada ya dakika chache Abdulsamad alikuwa anamjua kama shangazi yake. Jina lake Champa, watu humwita mama Usha. Kazaliwa Tanga, kaolewa Jinja, kafukuzwa Uganda pamoja na Wahindi wenziwe, mwaka ule wa masanduku, na sasa yeye na mumewe Praful wana kijiduka cha nafaka nyuma ya stesheni. Huyo Praful, alisema mama Usha, zamani alikuwa mwindaji. Siku hizi anakaa dirishani anaitazama mvua, na hamu ya nyama ya porini inamla.

"Maskini," akasema Abdulsamad, na kwa dakika ile alimaanisha. "Mama Usha, mimi nina upinde. Tena si kama hizi takataka."

Upinde alikuwa nao kweli, hapo hatumsingizii. Tena mmoja tu. Alikuwa ameshauuza mara tatu, na bado anao.

Msishangae, nitawaeleza. Abdulsamad, mtoto wa mjini Unguja, alikuja Landani baada ya mambo ya mapinduzi, akawaoshea watu sahani kwenye hoteli moja mpaka vidole vikakunjamana. Siku moja Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao akamwachia, kwa bei ya kutupa, upinde wa aina mpya ambao hapa wengi hawajauona: ncha zake mbili zina magurudumu, na uzi unazunguka huku na huku utadhani cherehani. Abdulsamad akautazama usiku kucha, na asubuhi akaacha kazi ya sahani.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Anamuuzia upinde mtu aliyezoea kuwinda kwao, kisha anamuuliza kwa mapenzi: utakwenda lini, na upande gani wa msitu, nikuombee dua? Mtu anasema. Siku ikifika, yumo msituni Epping anachungulia vichaka, anatokea Mbarouk.

Mbarouk, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ni kondakta wa basi. Koti analo, kofia anayo. Ile alama ya basi kaifunika kwa bati lenye picha ya kulungu, alilokatiwa na Abdulsamad kwenye mkebe wa biskuti. Anasema sheria ya nchi hii hairuhusu kumwinda kulungu kwa mshale, jambo ambalo ni kweli kabisa, anautwaa upinde kwa jina la serikali, na jioni upinde uko chini ya kitanda cha Abdulsamad. Aliyeibiwa atakwenda polisi aseme nini? Kwamba alikuwa anavunja sheria akaibiwa?

Na kwa nini watu wazima walioendesha viwanda na maduka waliogope bati la biskuti? Yakhe, sisi watu wa kule tumelelewa na kofia. Mwenye kofia ndiye aliyekuja kudai kodi, mwenye kofia ndiye aliyeuliza leseni ya baiskeli, mwenye kofia ndiye aliyetwambia tufunge virago. Ukiiona kofia yenye bati, mkono unatoa kwanza, akili inauliza baadaye.

Sasa msidhani Abdulsamad ni mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye posa. Ummukulthum, muuguzi wa hospitali moja huko Woolwich, alikuwa amemkubali, lakini babake, Mzee Jaffar, alikuwa amesema neno moja akanyamaza: "Binti yangu simuozeshi mtu ambaye kazi yake ina maelezo marefu." Abdulsamad akaenda kutafuta kazi yenye maelezo mafupi, akapata: kibanda cha vitambaa sokoni Woolwich, mwenyewe anakiuza. Akiba yake karibu inatosha. Palibaki upinde uuzwe mara moja tu, na Jumapili ya wiki hiyo saa sita mchana akabidhi fedha. Akikosa, kibanda kinakwenda kwa mwingine, na Ummukulthum anaozwa mtu wa Portsmouth mwenye nyumba yake. Kwa hiyo mama Usha na kikapu chake alimwona kama rehema.

Kesho yake akaupeleka upinde dukani. Ukalazwa juu ya gunia la dengu, chini ya picha ya mungu wao mwenye shada la maua, ubani unafuka pembeni.

"Mwanzo unapouvuta ni mzito," akaeleza Abdulsamad, "lakini ukifika karibu na shavu unakulegea mkononi. Unaweza kumsubiri kulungu mpaka amalize sala."

"Kulungu wa huku wanasali?"

"Ni maneno tu, mama Usha."

"Ratili ngapi kuuvuta?"

"Hamsini."

"Praful hana nguvu hizo. Na mikono yake mifupi, huu naona wa mtu mrefu."

"Unalegezwa, unafupishwa. Parafujo hizi hapa."

"Uzi ukikatika?"

"Haukatiki."

"Kwa hiyo uliwahi kukatika." Mama Usha akainama, akapitisha kidole gumba kwenye gurudumu la juu. "Na huu mkwaruzo?"

"Safari ya meli hiyo. Umetoka mbali."

"Naona," akasema mama Usha. Kidole akakiacha pale kidogo. "Mimi nataka wa rahisi."

"Rahisi huvunja upishi, mama."

"Mpishi ni mimi."

Akataja bei. Abdulsamad akashika kifua. Akataja yake, mama Usha akaenda kumpimia mtu choroko. Akashuka, mama Usha akakumbuka kupanga mitungi ya achari. Kufika adhuhuri walikuwa wamekutana mahali panapomuuma kila mmoja kidogo, na biashara nzuri ndivyo ilivyo. Lakini mama Usha akaweka sharti.

"Praful ana mafua. Utanifundisha mimi, nimfundishe yeye. Jumapili asubuhi, hukohuko msituni. Ukishanifundisha, fedha mkononi."

Hapo Abdulsamad akasita, maana muuzaji hakuwa na desturi ya kwenda msituni. Lakini akapiga hesabu yake: asubuhi msituni, Mbarouk atokee, yeye alie pamoja na mama, kisha apitilize moja kwa moja Woolwich. Akakubali. Tamaa ikikaa kiti cha mbele, busara husimama mlangoni kama abiria asiye na nauli.

Jumapili wakapanda treni kwenda kuwinda, wana tikiti za kurudi. Mama Usha alivaa sari, juu yake koti la Praful, chini buti za mpira. Abdulsamad, kwenye mfuko wa ndani, alikuwa na akiba yake yote, imefungwa kwenye leso.

Msituni akamwonyesha namna ya kusimama na namna ya kushika. Mama Usha akavuta, uso ukamwiva, mshale ukaenda ukajichomeka kwenye mti ambao hakuulenga.

"Vizuri sana," akasema Abdulsamad.

"Nilikuwa nalenga ule mwingine."

"Kulungu hajui hilo."

Mama Usha akatoa fedha kwenye kikapu, akamhesabia. Zilipoingia tu mfukoni, majani yakachakacha na Mbarouk akatokea, kofia imekaa sawa, kulungu wa bati anameremeta.

"Simameni hapohapo," akasema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Askari wa msitu. Sogeeni ndani, tafadhali."

Mazoea yana taabu. Abdulsamad akajifanya anatetemeka. "Tusamehe, afande. Huyu mama hana kosa."

"Upinde nauchukua kwa jina la serikali," akasema Mbarouk, akanyoosha mkono.

"Kwa jina la serikali ipi?"

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya miti, nzito, kwa Kiswahili. Akajitokeza Singasinga mrefu kama mlingoti, ndevu nyeupe zimechanwa, kilemba cheusi kina nishani ya shaba katikati ya paji. Koti lake lilishuka mpaka magotini, jekundu, lina vifungo vya dhahabu safu mbili. Glavu nyeupe. Fimbo kwapani.

Hapo nawaomba mmuhurumie Abdulsamad. Alipokuwa mtoto, kituo cha polisi cha mtaani kwao kilikuwa na inspekta Singasinga, ambaye akikohoa tu, watoto wa mitaa mitatu walikuwa wanakwenda kuoga. Miaka yote ile ikamrudia. Yeye ndiye aliyelikata lile bati la biskuti kwa mkasi wake. Alijua kuliko mtu yeyote kofia inavyoweza kudanganya. Haikumsaidia kitu. Hakuuliza ni askari gani wa msitu wa Kiingereza anayevaa koti jekundu, wala kwa nini anasema Kiswahili cha Nakuru. Alibana visigino.

"Kofia hii umeipata wapi?" Singasinga akamuuliza Mbarouk.

"Kwenye basi, afande," akasema Mbarouk, akaivua mwenyewe.

"Kujifanya askari. Kuuza zana za uwindaji haramu. Mnajua ni miaka mingapi hiyo? Weka kofia chini. Koti pia. Wewe, toa vilivyomo mfukoni. Ushahidi."

Abdulsamad akatoa fedha za mama Usha. Fimbo ikagusa kifua chake, palepale penye leso.

"Na hizo."

"Afande, hizo za kibanda."

"Hizo hasa."

Leso ikaenda. Ikaenda na kibanda, na vitambaa, na Ummukulthum amepaka hina.

"Na mimi, inspekta?" akauliza mama Usha, macho chini.

"Wewe nenda nyumbani, mama. Hawa nawaachia kwa leo kwa sababu nina huruma. Geukeni muutazame mti huo, na asigeuke mtu mpaka buti zangu zisisikike."

Wakautazama mti. Wakautazama sana. Mvua ikaanza, na Mbarouk, akiwa na shati tupu, ndiye aliyepata ujasiri wa kugeuka. Hapakuwa na inspekta, hapakuwa na mama, na upinde ndiyo kabisa.

Mbarouk aliwaambia wakubwa wake kazini kuwa kofia imechukuliwa na upepo, na koti likaifuata. Abdulsamad hakuwa na upepo wa kuusingizia. Saa sita ikapita, kibanda kikapata mwenyewe, na Mzee Jaffar akatuma salamu kwamba kijana asiisumbue tena miguu yake kuja kwake. Ila Ummukulthum alitaka kuusikia mkasa kwa kinywa chake. Wakatembea Jumamosi jioni barabara kuu ya Woolwich, chini ya mwavuli mmoja, Abdulsamad akisimulia dhuluma ya serikali kwa mfanyabiashara mnyonge, na amefika pazuri, Ummukulthum keshaanza kumwonea huruma, wakapita mbele ya mkahawa mpya wa Kihindi.

Mlango ukafunguliwa. Bawabu alikuwa Singasinga mrefu, koti jekundu, vifungo vya dhahabu, glavu nyeupe.

Abdulsamad akabana visigino. Akaukunja mwavuli, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mvua ikamnyeshea Ummukulthum.

"Mbona unampa bawabu mwavuli wetu?" akauliza Ummukulthum.

"Karibuni ndani," akasema Singasinga kwa Kiswahili. "Leo hatukamati mtu."

Ndani, ukutani, chini ya taa, upinde wenye magurudumu ulikuwa umetundikwa, na kibao kinasema ni wa Maharaja wa kale. Wazungu wawili wameshika bilauri, wanautazama kwa heshima zote.

Ummukulthum akamtazama bawabu, akautazama upinde, akamtazama mchumba wake. "Hebu nisimulie tena. Safari hii usiruke kitu."

Akamsimulia. Pale alipotaka kuruka, bawabu akamrudisha. Jina lake Tarsem Singh. Yule mnunuzi wa tatu, aliyerudi kutoka msituni akalala siku nzima ameugeukia ukuta, alikuwa mdogo wake, Balwinder. Alikuwa ameukwaruza upinde kwenye benchi la stesheni. Jirani yao mama Usha, kusikia habari hiyo, akauliza swali moja: muuzaji ana haja gani ya kujua siku na njia? Ndipo akaanza kwenda kusimama kila siku mbele ya lile dirisha ambapo Balwinder alinaswa, akifyonza.

"Wote watatu wamerudishiwa chao," akasema Tarsem. Akamnyooshea Abdulsamad mwavuli. "Na wewe chukua chako."

Abdulsamad akajua kwamba sasa ndiyo basi.

"Huyu mama Usha," akasema Ummukulthum, "ni Mbanyani?"

"Mbanyani."

"Wa duka la dengu na choroko. Ana picha ya mungu ukutani."

"Anayo."

"Na wewe, uliyezaliwa nyumba ya pili na Mabanyani, uliyejua tangu hujaota meno kwamba Mbanyani haonji hata supu ya kuku, ukasimama chini ya picha ile ukamuuzia upinde wa kuwindia nyama?"

Ummukulthum akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mkahawa, mtandio wake umeloa, anajifuta machozi. Abdulsamad aliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini hapohapo moyo ukamtulia, maana mwanamke anayekuacha hacheki vile.

"Nenda na Mbarouk kazini kwake," akasema alipopata pumzi. "Wanataka watu. Kisha urudi kwa baba."

Mwezi uliofuata Mzee Jaffar alimuuliza kijana kazi yake. "Kondakta," akasema Abdulsamad. Mzee akasubiri maelezo. Hayakuja. Akaagiza chai.

Na mtu wa kwanza kupanda basi lake, siku ya kwanza aliyoachiwa peke yake, alikuwa mama mmoja wa Kihindi mwenye kikapu cha ukindu.

"Tikiti, mama Usha," akasema Abdulsamad kwa unyonge.

Mama Usha hakutoa kitu. Alimwashiria ainame, akanyoosha mkono, akalikwaruza bati la kofia kwa ukucha, mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu. Halikubanduka. Ndipo akatia mkono kikapuni akatoa nauli.