Kidonge Kimoja Kila Kaya

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Ugawaji Sawa wa Dawa ya kijiji chetu, wilayani Biharamulo, inautangazia umma kuwa mwaka 1978 ilikomesha unyonyaji katika matibabu. Mimi Privatus, katibu, nilikuwepo.

Zamani mgonjwa mmoja alipewa vidonge ishirini vya rangi mbili, avimeze peke yake mpaka viishe. Ishirini! Mtu mmoja! Mwenyekiti wetu, Ndugu Pancras, alisema huo ni ukabaila wa tumbo. Tukapitisha azimio: kila kaya kidonge kimoja kwa wiki, mgonjwa na mzima sawa. Wajumbe, kutokana na uzito wa majukumu, walimeza kimoja kila kikao. Tulikaa vikao vingi.

Limi, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake sita, hakupata hata nusu. Jina lake halikuwemo kwenye rejista. Maziwa yake tuliyapokea, maana maziwa hayaandikishwi.

Vita vilipoanza mpakani, Limi alichangia debe zima la maziwa kwa mgambo waliokuwa mazoezini. Kamati iliyaonja kwanza kwa niaba ya umma: wajumbe kumi, kikombe kimoja, kila mmoja akichota debeni, akinywa, akimpa mwenzake achote tena. Kesho yake mgambo thelathini walikimbilia vichakani bila amri, na vidonge havikuwasaidia kitu.

"Hii ni hujuma," alisema Mwenyekiti. Na hujuma wakati wa vita si mchezo. Limi angefungwa, na ng'ombe wake wangekuwa mali ya kijiji.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Limi alisema. "Kibuyu changu cha kukamulia nakiosha kwa maji ya moto kila siku. Ninywe mbele yenu?"

"Marahaba. Usinywe ushahidi."

Wilaya ikamleta Ndugu Leonsia, mtaalamu wa vijidudu kutoka Mwanza. Alipangusa kila chombo kwa pamba, akaotesha vijidudu kwenye visahani vya kioo, juu yake akaweka vipande vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Aliandika kwenye daftari siku tatu mfululizo bila kuomba kibali cha kuandika. Tukamwita kikaoni.

"Vijidudu vya kibuyu cha Limi ni vichache, na dawa inaviua mara moja," alisoma. "Havijawahi kukutana na dawa. Vya kikombe cha kamati vinaota juu ya dawa yenyewe, na ndivyo vilivyowaharisha mgambo. Mmevizoesha wenyewe, kidonge kimoja kimoja, mpaka vimekuwa sugu."

"Vimezoeshwa na kamati?" Mwenyekiti aliuliza, na niliona kifua kikimtanuka kidogo.

"Ndiyo."

"Sawa. Ila hapo sahihisha, andika vimetoka kwenye kibuyu."

"Sisahihishi. Vijidudu havipigi kura, Mwenyekiti."

Niliandika kwenye muhtasari: mtaalamu hana mwamko.

Mwenyekiti akaniamuru niandike barua polisi kabla daftari halijafika wilayani. Jina la Limi sikuweza kulitaja, kwa kuwa kiofisi hakuwepo kijijini. Nikaandika: akamatwe mwenye chombo kilichowaharisha mgambo. Tukaipiga mhuri mara tatu. Hapa niseme ukweli, niliona aibu. Maziwa ya yule mama nilikuwa nimeyanywa bure miezi sita.

Jumatatu ikaja Landrova. Askari, Ndugu Shibuda, alituita wote, akaisoma barua yetu polepole, kisha akamgeukia Leonsia.

"Chombo chenyewe ni kipi?"

Leonsia alifungua daftari, akamwonyesha, akakinyanyua kikombe.

"Cha nani hiki?"

"Mie sijui kusoma, afande," alisema Limi, "lakini pembeni kina maandishi mekundu."

Askari alisoma kwa sauti: "Mali ya Kamati. Kisiguswe."

"Afande, barua imekosewa," alisema Mwenyekiti.

"Ina mihuri mitatu. Pandeni."

Tulipanda wote kumi. Limi alitutazama mpaka mlango ukafungwa, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

Njiani Mwenyekiti alikuwa akitiririka jasho, akaomba maji. Askari alimpa kwenye kopo lake mwenyewe. Mwenyekiti akanywa yote, akashukuru, akalirudisha. Askari alilipokea kwa ncha za vidole viwili, akalitupa porini.