Meli Mama ya Mto Mbarali

Jumatatu, 6 Mei 1974
Siku ya kukumbukwa. Nimerejea Rujewa kutoka Iringa nikiwa na jarida la misheni lenye picha ya meli ya ajabu. Meli hiyo haipakii magunia. Hupakia matishari yaliyokwisha kujazwa mizigo, zaidi ya sabini! Tishari halina injini. Hujazwa mtoni, kwenye kina kifupi ambako meli haifiki, kisha boti yoyote ndogo hulivuta hadi kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli. Hapo winchi inayotambaa juu ya reli hulinyanyua zima na kulipanga sitahani. Gati halihitajiki. Nimesoma mara nne. Helena, mke wangu, ameuliza kama jarida linaeleza pia namna ya kuziba paa.

Jumapili kijiji kitachagua mwenyekiti wa kamati ya usafirishaji. Mpinzani wangu ni Mihayo, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, mwenye mkokoteni na maksai wawili. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nina jarida.

Jumanne, 7 Mei
Nimehutubia kikao. Nilieleza aibu yetu: mpunga hufika mtoni kwa mkokoteni, hushushwa, huvushwa kwa mtumbwi, hupakiwa tena ng'ambo ili kulifikia lori. Pendekezo: chelezo cha mapipa na magogo kitakachobeba mkokoteni mzima pamoja na magunia yake. Maksai wabaki upande huu. Ng'ambo, Saulo, Msangu wa upande ule, atatoa maksai wake wavute. Nilizungumza dakika arobaini. Watu walisikiliza kwa utulivu mkubwa, wengine wakiwa wamefumba macho.

Mihayo aliuliza kama ng'ombe wa Saulo wataijua sauti yake yeye. Swali la mtu asiyeona mbali. Nilimjibu kwamba tishari haliulizi kabila la boti inayolivuta.

Alhamisi, 9 Mei
Chelezo tayari. Mapipa manane! Mihayo ametoa mkokoteni kwa sharti moja: hauendeshwi na mtu mwingine. Ndiyo desturi yao Wasukuma. Nimekubali, mtaalamu hana budi kuwa mvumilivu. Mama mkwe, Kalista, ametoa magunia kumi na mawili, mavuno yake yote. Aliniambia mbele za watu: "Baba, yakilowa, usije kula kwangu."

Jumamosi, 11 Mei
Asubuhi tulivutwa kwa kamba hadi ng'ambo. Hakuna gunia lililoguswa na tone. Nilisimama kwenye tezi nikatoa hotuba fupi. Makofi! Hata mama mkwe.

Tatizo lilianzia nchi kavu. Saulo alikuwa ameshafunga maksai wake mkokotenini na kwenda kumsihi dereva wa lori asubiri. Mihayo aliwaamuru kwa Kisukuma. Hawakutikisika, tangu ndama wamezoea Kisangu. Nikachukua nafasi, nikawasihi kwa Kiswahili fasaha waitikie wito wa taifa. Mmoja alikojoa.

Ndipo Mihayo akaimba, kama aimbavyo shambani. Ng'ambo tulikotoka, maksai wake mwenyewe walimsikia. Walikata kamba, wakajitosa mtoni, wakaogelea moja kwa moja kumfuata bwana wao. Maksai wa Saulo, walipoona pembe nne zikija zikielea, walirudi kinyumenyume. Mkokoteni uliingia majini taratibu, kwa heshima zote. Magunia kumi na mawili.

Mihayo hakucheka. Aliwafunga maksai wake, akaimba tena, mkokoteni ukatoka. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, meli yako nzuri. Ila ng'ombe hapandi darasa, anataka kuongeleshwa na mtu anayemjua."

Lori liliondoka bila mpunga wa mama mkwe.

Jumapili, 12 Mei
Mihayo ndiye mwenyekiti. Nimepata kura mbili. Helena amenihakikishia kwamba ya pili si yake. Mama mkwe ameanika mpunga uani kwetu na ameketi kando yake, akinitazama.

Nimetafakari bila upendeleo. Meli haikuwa na kosa lolote. Kosa ni la maksai: nchi moja haiwezi kuendelea ikiwa na ng'ombe wa lugha mbili. Kesho saa kumi jioni nafungua darasa la Kiswahili kwa maksai wote, wa pande zote mbili za mto. Nimekwisha kuandaa daftari la mahudhurio. Mtihani ni Ijumaa. Watakaofeli watarudia.