Mbuzi na Fahali Kooni Mwangu

Ijumaa, 4 Oktoba

Msiba! Sauti imevunjika, tena mbele ya ukoo mzima. Leo mazoezini nilifungua kinywa niipande ile noti ya juu, ile ambayo mwaka jana iliwafanya wanawake nyuma ya pazia warushe maua ya waridi. Akatoka mbuzi. Pumzi hiyohiyo, akafuata fahali. Mpiga ngoma za tabla alicheka mpaka mapigo yakampotea.

Baba mkubwa, Ustadh Dilawar, kiongozi wa kundi letu la kawali, nyimbo za kumsifu Mungu na mawalii, hakucheka. Alifunga kinanda, akasema kijana wa miaka kumi na minne kuvunjika sauti ni kazi ya Mungu, si ugonjwa. Dawa ni moja: kila alfajiri nishike noti ya chini kabisa, hiyo tu, mpaka sauti mpya ipate pa kukaa. Kwa sasa nirudi safu ya nyuma, nipige makofi.

Makofi! Mimi, Mehtab! Na nafasi yangu mkono wake wa kulia kapewa nani? Khizar, binamu yangu wa miaka kumi, sauti ya filimbi, mapengo mawili mbele. Hauli ya walii, sherehe ya kumkumbuka kila mwaka, ni Alhamisi. Kwetu kila mtu anajua: anayekaa mkono wa kulia siku ya hauli habanduki hapo mpaka arithi kinanda. Babu alikaa pale. Ba'mkubwa alikaa pale. Khizar hatakaa pale.

Jumamosi, 5 Oktoba

Noti ya chini inachosha. Unanguruma kama jenereta, na wimbo hauji. Basi nikatumia akili. Nilijirekodi kwenye simu ya Mama, nikaiweka nyuma ya mlango ikawa inajirudia yenyewe, mimi nikageukia chapati. Nikamsikia Ba'mkubwa nje akimshukuru Mungu kwa pumzi yangu ndefu. Safi sana!

Kumbe akaingia kunibariki. Akanikuta mashavu yamejaa na noti bado inaendelea. Alisema tangu azaliwe hajamwona mwimbaji anayetafuna na kuimba kwa wakati mmoja, hii karama itangazwe mji mzima wa Multan. Bibi alicheka mpaka akaomba maji. Adhabu: alfajiri zote zilizobaki mpaka hauli Ba'mkubwa ataketi mbele yangu, uso kwa uso, na pumzi yake ya kitunguu saumu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mpango mpya, safi kuliko wa kwanza. Mwimbaji hagusi vitu viwili: achari na barafu. Nikamnunulia Khizar vyote. Bakuli la achari ya maembe, kali ya kutoa machozi, na barafu ya kusagwa yenye sharubati nyekundu. Nikamwambia mdogo wangu kula, kaka yako nakupenda.

Alikula. Akalamba bakuli. Akasema hakujua kama nina roho nzuri hivi, akanikumbatia na vidole vyake vya mafuta. Jioni aliimba juu kuliko jana, mpaka kunguru wa jirani wakaondoka. Mimi nilikuwa nimemalizia achari iliyobaki ili nijipoze moyo. Sasa koo limefunga kabisa, siwezi hata kuomba chumvi mezani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini kisima kilikuwa kizuri.

Jumatano, 9 Oktoba

Koo limefunguka. Na akili pia! Khizar ni mwoga, na kila mwaka kwenye hauli yupo Haji Allah Wasaya. Mzee mnene, muuza vitambaa, mpole kama kondoo mpaka mstari wa wimbo umguse. Akipandwa na jazba huyo, huinuka, huzunguka, huanguka popote. Mwaka juzi aliangukia tabla.

Nilimweleza Khizar taratibu, kwa huruma. Nikaongeza kidogo tu. Nikasema Haji huwa anamfuata aliyekaa mkono wa kulia. Nikasema mapengo humvutia. Mtoto alibadilika rangi, akaniuliza kaka tufanyeje. Nikamwambia usijali: mimi nitakaa mbele, wewe nyuma yangu ndani ya shali yangu, wewe utaimba na mimi nitafungua mdomo. Alinibusu mkono. Maskini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Baada ya swala ya alasiri, Khizar aligoma kukaa mbele, akalia kweli. Ba'mkubwa, wageni wameshaketi, akanionyesha mimi nafasi kwa kidole na kuniambia nikae, nipige makofi, kinywa nikifumbe. Nikakaa. Mkono wa kulia!

Nikakifumbua, bila shaka. Wimbo wa kwanza: mdomo wangu, sauti ya Khizar aliyejipenyeza ndani ya shali. Maua yakaruka kutoka nyuma ya pazia. Nikasikia watu wakisema kijana wa ukoo amepona. Raha ilinipanda mpaka masikioni.

Kisha ukaja mstari ule: “Mlango wako umefungwa, nami sina mlango mwingine.” Haji Allah Wasaya akaanza kuinuka. Khizar akamwona kupitia kwapani kwangu. Akachomoka! Akapita katikati ya tabla, akatokomea. Na mimi kinywa wazi, zamu yangu, kimya.

Ikabidi. Kwenye neno “mlango” akatoka mbuzi, akafuata fahali.

Haji akapiga ukelele, akaanguka chini, jazba ya kweli. Na sheria ya kawali ni moja: mstari uliomchukua mtu hauachwi. Unarudiwa vilevile mpaka arudi mwenyewe, la sivyo moyo wake unaweza kusimama. Nikajaribu kukimbilia mstari unaofuata. Haji akalegea kama gunia. Ba'mkubwa akanifinya paja akaninong'oneza kwa meno: “Rudia! Na huyo mbuzi wako!”

Nikarudia. Mbuzi, fahali. Tena. Tena. Jasho, aibu, watu wanalia, mimi nalia. Nikaogopa nitamuua mzee wa watu. Halafu mbuzi akachoka, akabaki fahali peke yake. Fahali naye akashuka, akashuka, akafika kwenye ile noti ya alfajiri, akalala pale. Ikanguruma kifuani mwangu, nzito, tulivu. Yangu! Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Haji akafungua macho. Akanibusu paji la uso, akasema watu wameimba mlango ule tangu ujana wake, ila leo ndiyo mara ya kwanza kusikia bawaba zake. Ba'mkubwa alisogeza kinanda kidogo, nipate pa kukunja miguu. Akasema nafasi hii ni yako, ilimradi alfajiri usikose.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefikiri usiku kucha na nimeelewa yote. Siri ni mbuzi! Ndiye aliyemwangusha Haji, ndiye bawaba. Na leo alfajiri nimemtafuta, hayupo. Sauti imetoka nzito, imenyooka, haina ufa hata mmoja. Ba'mkubwa anamshukuru Mungu, haoni hatari.

Jumapili tuna harusi. Nimeshaongea na Khizar. Atakaa nyuma yangu ndani ya shali, na nikifika kwenye mlango atalia yeye kama mbuzi. Malipo ni achari, mabakuli mawili.

Noti ya alfajiri nimeirekodi upya. Safari hii nimefunga mlango kwa komeo kabla ya kugusa chapati.