Flashi ya Kufika Mbali

Jumatatu, 3 Novemba

Kazi kubwa imenibishia hodi! Mahfudha, binti wa Takaungu aliyeolewa hapa Malindi, anatafuta mpiga picha mwanamke. Lazima mwanamke, maana wapigwao ni wanawake watupu, ndani ya nyumba, bila mabuibui. Jumapili anasafiri kumfuata mumewe Maskati. Kabla hajaondoka ataka picha moja: nyanya yake, Bi Mwanasha, pamoja na bintize wote, wajukuu na vitukuu vya kike, chumba kimoja.

Bi Mwanasha hapigwi picha. Umri wake wote kapigwa ile ya kitambulisho tu, na hiyo alifumba macho. Safari hii amekubali kwa ajili ya Mahfudha, lakini ametoa sharti. Nibonyeze mara moja. Moja tu, kisha kamera itoke nyumbani kwake!

Mahfudha akaniuliza kama nina lenzi pana ya kuenea chumba kizima. Ninayo, tena nzuri. Akauliza kama nina flashi ya kupachika juu ya kamera, maana chumba kina kiza. Nikamwambia, mimi Sahla ninazo za kuchagua. Sina hata moja. Lakini ningenyamaza angemwita Bridgit, yule mpiga picha wa Kilifi. Harusi, mahafali, akika, kila mahali Bridgit. Mara hii hapati.

Jumanne, 4 Novemba

Dukani kwa Thuku. Subhanallah! Flashi zimepangwa ndani ya kabati la kioo, nyeusi, zang'aa, nikasimama nimeachama kama mtoto mbele ya peremende.

Thuku akanitolea mbili. Moja ndogo, ya kawaida kabisa, ina kiplastiki cha kuvuta mbele. Alisema kiplastiki hicho hutandaza mwanga, uende upana sawa na lenzi yangu, na kwa kazi ya chumbani sina haja ya zaidi. Ya pili, lo! Kichwa kama cha ng'ombe! Hiyo akasema hukusanya mwanga na kuutupa mbali, yafaa uwanja wa mpira. Nikamuuliza ipi hufika mbali zaidi. Akasema hiyo kubwa, lakini dada, chumba si uwanja. Nikamuuliza Bridgit anayo ipi. Ndogo, akasema.

Basi! Maneno yakaisha. Nimerudi kwetu mtaa wa Barani na kichwa cha ng'ombe, na akiba yangu ya sikukuu imebaki kwa Thuku.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeijaribu sebuleni. Muzammil ndugu yangu nikamkalisha katikati, Mama mwisho wa kochi, shangazi karibu na mlango. Lenzi yangu hula kila kitu, usipoangalia hula hata vidole vyako vya miguu. Nikabonyeza. Yarabi! Radi ndani ya nyumba! Muzammil akapiga kelele kuwa haoni. Paka katoka mbio na mpaka sasa hajarudi.

Picha sasa. Katikati duara la mwanga, na ndani yake Muzammil, mweupe kama chapati isiyopikwa. Kushoto kiza. Kulia kiza. Shangazi hayupo. Mama amebaki goti. Akaniuliza kama nimemtoa makusudi kwa sababu ya yale maneno tuliyogombana juzi.

Kumbe lenzi yaona chumba kizima na flashi yamulika kati tu! Mwingine angeirudisha. Nirudi kwa Thuku anitazame vile anavyotazama? Ng'o! Nina hila nzuri zaidi. Wakubwa nitawaweka kati, wengine pembeni. Bi Mwanasha kati, Mahfudha ubavuni mwake, bintize kuwazunguka. Yuko binamu mmoja wa Mahfudha aliyesema picha zangu za harusi zilimnenepesha. Huyo pembeni kabisa, kizani, na hatajua kamwe. Nimecheka peke yangu mpaka Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 6 Novemba

Bridgit amenipigia simu! Habari zimemfikia Kilifi. Sauti asali tupu. Alisema hana kinyongo, riziki ni ya Mungu, ila nikiwa ndani na lenzi pana nisiwamulike watu usoni. Nigeuze kichwa cha flashi kitazame dari, mwanga ugonge juu na kuwarudia wote taratibu.

Nikamshukuru sana. Kisha nikakaa kitako nikistaajabu. Mtu amulike dari? Twapiga picha za mijusi? Ataka nionekane mwendawazimu mbele ya ukoo mzima! Sijapata kuona ujanja kama huo, na sauti nzuri vile.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi kutoka Takaungu.

Ile nyumba! Kuta za mawe nene mpaka ukiingia kelele za nje zakatika. Chumba cha ndani kirefu, chembamba, dirisha lake kama la kupitishia sahani. Kutani zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu, hata sikuziona vizuri kwa kiza. Juu boriti, nyeusi tititi kwa moshi wa udi. Nikajikuta natembea kwa ncha za vidole bila kuambiwa.

Na mwisho wa chumba, pembeni kabisa, kitandani, Bi Mwanasha. Mdogo wa umbo, leso mpya ya kisutu, macho makali. Nikamwinamia, shikamoo ikatoka kwa shida. Akaitikia marahaba na kunitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu, na viatu nilikuwa nimevivua mlangoni.

Nikamwomba kwa adabu tumsogeze katikati. Akasema kitanda hicho ndicho alichozalia wote hawa niwaonao, na hakihami leo kwa ajili ya tochi.

Haya. Nikawaomba bintize waje basi wao kati, juu ya jamvi. Hakuna! Ukae kati uitazame kamera, umempa Bibi kisogo. Nani ampe Bibi kisogo? Nikasihi, nikavuta watu mikono. Kila nimvutaye alisema astaghfirullah na kurudi ukutani. Wenye mvi, wenye watoto mikononi, wasichana wa shule, wote wakajipanga huku na huku, migongo ukutani, wakaacha jamvi tupu. Pale pale flashi yangu imulikapo pakabaki sinia ya kahawa na bakuli la halwa, peke yake, kama bi harusi. Na yule binamu akakaa ubavuni mwa Bibi!

Mahfudha akanijia. Hakuwa anacheka. Akaninong'oneza kuwa kule aendako hana mtu, na hajui kama atamkuta Bibi akirudi. Picha hii ndiyo watu wake. Akanishika mkono akaniambia ananitegemea mimi. Nilijua kwa yakini kuwa atasafiri na picha ya halwa.

Nikamkumbuka Bridgit. Mwenye shida hachagui. Nikageuza kichwa cha flashi juu. Nikatazama juu. Boriti nyeusi! Mwanga ungemezwa wote. Nikaanza kukirudisha mbele, jasho mikononi, kikaniteleza, kikapinduka mpaka nyuma, kikatazama ukuta wa chokaa ulio kisogoni kwangu. Bi Mwanasha akaita: haya binti, kahawa yapoa! Nikashtuka. Nikabonyeza.

Ilikuwa ndiyo hiyo moja.

Sijui niandikeje. Radi haikuwepo. Ukuta mzima nyuma yangu uliwaka, na mwanga ukapita mabegani kwangu ukajaa chumba, mpaka kwenye kona, mpaka ndani ya kila kidaka. Nakshi za kuta zikatokea zote kwa pamoja. Hina za mikono, pete, macho ya watoto wachanga. Mara moja tu, kisha kiza kikarudi, na chumba kizima kikasema mashaallah. Nilisimama nimeganda. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile na ni mimi niliyebonyeza!

Bi Mwanasha akataka kuiona. Nikapiga magoti nikamshikia kamera. Akatazama sana, akipitisha kidole uso kwa uso, akiwataja majina. Kisha akauliza ajuza huyu wa kitandani ni nani. Mahfudha akamwambia ni wewe, Bibi. Akaisogeza kamera karibu na macho. Halafu akasema: "Mashaallah, ajuza huyu kazaa watu!"

Mahfudha akalia. Bintize wakalia. Yule binamu akalia, nami nikalia nikaloweka kamera. Kisha kamera ikatolewa nje kama ilivyoahidiwa, mimi nikabakishwa nile halwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mahfudha amefika salama. Picha yangu imeenea simu zote kutoka Takaungu mpaka Mambrui. Bridgit alinipigia kuniuliza nilifanyaje, mwanga umetandaa vizuri hivyo. Nikamwambia kwa upole kuwa ni nguvu, dadangu, nguvu za flashi. Kila nikifikiria nazidi kustaajabu: imetazama ukutani, imewapa watu kisogo, na bado imewamulika wote! Je, ingetazama mbele?

Tena nimeitwa Mambrui, Ijumaa, kupiga picha siku ya kupambwa bi harusi, ndani ya nyumba, wanawake watupu! Kile kichwa cha kupindukapinduka kisije kikaniaibisha tena. Thuku alisema nikiache, kimeumbwa kugeuka. Nikamcheka. Nimenunua gundi, ile ya kubandikia soli za viatu, nikaipaka shingo yote ya flashi, kichwa kikiwa kimetazama mbele sawasawa.

Imekauka. Muzammil ameivuta kwa mikono miwili na haikugeuka kulia, kushoto wala nyuma. Wanawake wa Mambrui hawajui kinachowajia!