Ngazi za Kanisa Kuu na Mkaguzi kutoka Esslingen

Katika mji mzima wa Bremen hajapata kutokea mwanamume wa kufagia ngazi kama Henning Osterloh! Hayo si maneno yangu. Ni maneno ya Henning mwenyewe, aliyoyasema kwenye simu, tena bila kuulizwa.

Ukweli ni kwamba Henning hana hakika hata ufagio unashikwa upande gani. Zamu yake ya kufagia ngazi za nyumba anayokaa hufanywa na jirani yake wa chini, Bi Tietjen, mjane mwenye mikono ya baharia. Bi Tietjen humwonea huruma. Au tuseme huzionea huruma ngazi.

Sasa kilichomfanya apige fiksi hiyo ni nini? Mapenzi! Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni mzee Gotthilf Schäufele wa Esslingen, mkaguzi wa majengo mstaafu, baba yake Rike, mchumba wa Henning. Mzee huyu ni Mswabia, mtu wa kusini mwa Ujerumani, na kwa Waswabia ngazi si jambo la mzaha. Wiki ya zamu yako ikifika, kibao kinaning'inizwa mlangoni kwako, na usipofagia majirani watakusema mpaka siku ya mazishi yako.

Rike, kwa upande wake, hakumficha Henning kitu. "Baba akikukubali, mwezi wa tano tunaoana. Akikukataa, nachukua ile kazi ya Stuttgart na kila mtu ashike njia yake."

"Mimi anikatae nani?" Henning alicheka. "Wazee wakiniona hujisahau, wananiita mwanangu!"

Lakini moyoni hakuwa na amani hata kidogo, kwa sababu mzee alichagua kuja Jumamosi ambayo Henning alikuwa anatimiza miaka thelathini. Na Bremen, mwanamume akifika thelathini hajaoa, rafiki zake humvisha gauni la bibi kizee, wakampeleka kwenye ngazi za kanisa kuu, na hapo atafagia mbele za watu mpaka binti ambaye hajaolewa ajitokeze na kumbusu. Kazi ya rafiki ni kumwaga takataka upya.

Hakuna aliyeipenda mila hii kama Henning, ilimradi anayefagia ni mwingine! Rafiki yake Jörn alipofika thelathini, Henning alimfagilisha saa nne mfululizo kwa magunia matano ya vizibo vya chupa. Akaja binti mwenye roho nzuri, akataka kumbusu Jörn apumzike. Henning akamzuia: "Dada, usisogee. Huyu ana mafua."

Kwa hiyo wiki nzima alizunguka akiwatangazia wenzake, "Jumamosi niko kisiwani Mallorca, naota jua, jamani! Mtanitafuta kwa darubini!"

Jumamosi asubuhi, manyunyu yakianguka, mzee Schäufele alishuka kwenye treni. Mfupi, koti limepigwa pasi, futi ya chuma kiunoni.

"Baba mkwe!" Henning alimpokea mikono wazi.

"Schäufele," mzee alijibu, akampa mkono mmoja. Kisha akatoa karatasi. "Nina vitu sita vya kuona kabla ya treni ya jioni. Nimeviandika kwa mpangilio. Tuanze."

Rike alimnong'oneza Henning, "Cha sita ni wewe."

Namba moja, sanamu la shujaa Roland, urefu wake kama nyumba. Henning alianza kuhadithia vita ambavyo hata Roland mwenyewe hakuvisikia. Mzee wala hakumsikiliza. Alipenya kwenye uzio, akanyoosha futi yake kutoka goti moja la sanamu hadi la pili.

"Sentimita hamsini na tano na ushei," alisema. "Kama kitabu kinavyosema. Sawa." Akaweka tiki.

Namba mbili, jumba la mji, lilipata tiki baada ya mzee kulikagua bomba la maji ya mvua. Muda wote huo Henning alikuwa amefungua mwavuli na kuushika ubavuni, kama pazia la bafu.

"Kijana, mvua inatoka juu," mzee alimkumbusha.

"Ya Bremen hutoka pembeni, baba mkwe!"

Masikini wa Mungu! Nyuma ya mwavuli huo, hatua mia moja tu, ndiko lilikosimama kanisa kuu na minara yake miwili. Huwezi kutembea katikati ya Bremen ukalikwepa kanisa hilo, labda uwe umefungwa kitambaa machoni.

Walipofika namba tatu, sanamu ya punda aliyebeba mbwa, mbwa akabeba paka, paka akabeba jogoo, Henning alichangamka kidogo. Ukuta wa jumba la mji ulimkinga. "Shika miguu yote miwili ya mbele ya punda, kwa mikono miwili, upate bahati!" alielekeza. "Ukishika kwa mmoja, sisi wenyeji tunasema ni punda wawili wanaamkiana!" Mzee alishika kwa miwili, akaweka tiki.

"Namba nne. Kanisa kuu."

"Limefungwa," alisema Henning.

Mzee aligeuza karatasi. Nyuma yake alikuwa amenakili saa za kufunguliwa. "Liko wazi mpaka jioni."

"Basi si zuri kama wanavyolisifu. Mimi naona turuke twende Schnoor, vichochoro vya zamani, kuna keki..."

"Namba tano haiji kabla ya namba nne," alisema mzee, kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Akaanza kutembea.

Walipokata kona tu, kinanda cha kuzungusha kwa mkono kikaanza kulia. Kwenye ngazi za kanisa kuu walikuwa wamejipanga wanaume kumi na wawili, magunia miguuni. Mbele yao Jörn, ameshika gauni la maua na kofia ya bibi kizee. Kando yake, Bi Tietjen na ufagio wake.

"Mshikaji!" Jörn alipiga kelele. "Mallorca kunanyesha?"

Henning alimtolea macho Bi Tietjen.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," alisema Bi Tietjen. "Waliniuliza umekwenda wapi. Nikasema kwa Mallorca sijui, ila ametoka na mwavuli."

Kimeumana! Dakika mbili baadaye Henning alikuwa ndani ya gauni, kofia kichwani, uso umemwiva. Alimgeukia mzee, akitegemea kuona dharau. Lakini mzee Schäufele macho yalikuwa yanang'aa!

"Kumbe huku nako mwanamume hupimwa kwa ufagio?" alisema. "Na mimi miaka yote nawasema watu wa kaskazini vibaya!" Alitandaza gazeti kwenye benchi, akaketi, akapiga magoti yake. "Haya, kijana. Ulinieleza kwenye simu. Sasa nione."

Hapo bahati ilikuwa imemwangukia Henning mapajani. Marafiki walimwaga gunia la kwanza, vizibo vikateremka kwa kelele. Henning alikohoa, akakunja mikono ya gauni, akaanza kufagia.

Akaanzia ngazi ya chini.

Mzee alifumba macho. "Rike," alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Anaanzia chini."

Henning alifagia ya chini ikang'aa. Akapanda ya pili, akaisukumia ya chini takataka zake zote. Akarudi ya chini. Akapanda tena. Watalii walipiga picha, kinanda kikalia, Jörn akafungua gunia la pili.

"Rike!" Henning alilia. "Njoo unibusu, yaishe!"

Rike, ambaye kwa kweli anampenda, alikwisha kupanda ngazi mbili.

"Rudi," alisema mzee. "Hajagusa pembe hata moja."

"Baba, ni mila yao!"

"Na pembe nazo ni mila ya nani?" Akamgeukia Henning. "Kijana, nyumbani kwako ngazi huzifagia nani?"

Henning alifungua mdomo. Bi Tietjen akamtangulia. "Mimi, bwana. Mwaka wa tatu huu. Lete hapa ufagio, unaniumiza roho!"

Aliunyakua, akapanda juu kabisa, akashuka. Mipigo mitatu kila ngazi, na kwenye pembe anauzungusha ufagio kidogo, vumbi linatoka lenyewe. Mpaka kinanda kikanyamaza. Mzee Schäufele alisimama. Akavua kofia.

"Bibi," alisema, "ulifundishwa na nani?"

"Na uchafu," alijibu Bi Tietjen.

Mzee alitoa kalamu, akaandika, akampa Rike karatasi ashike, kisha akamnyooshea Bi Tietjen mkono. "Namba tano ni Schnoor. Nimesikia kuna keki."

Waliondoka wamekamatana mikono. Rike alimfuata Henning kwenye ngazi, akamwonyesha karatasi. Namba nne, kanisa kuu, ilikuwa na tiki. Chini yake kuliandikwa: *6. Henning. Hajapita. Ukaguzi upya mwezi wa tano, Esslingen, ghorofa nne, pembe zote.* Na chini zaidi, kwa wino mbichi: *7. Bi Tietjen.* Tiki mbili.

"Anza mazoezi," Rike alimwambia, akakimbia kuwafuata wenzake.

Jörn alimwaga gunia la tatu. Saa ya kanisa iligonga saa saba, Henning akainama, safari hii akaanzia juu. Hapo binti mmoja mwenye baiskeli alisimama, akamtazama yule bibi kizee mwenye ndevu anavyohangaika, huruma ikamjaa. "Masikini! Naweza kumbusu apumzike?"

Jörn alimkinga kwa mkono.

"Dada, usisogee. Huyu ana mafua."