Bomba Pana la Kwenda Hadado

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shule imefungwa. Walimu wenzangu wamepanda basi kwenda makwao, isipokuwa mimi na Kang'ethe wa fizikia. Yeye amebaki kufundisha kompyuta watu wa ofisi za kaunti. Mimi nimebaki kwa sababu mke wangu Wanji alinipigia simu kutoka Meru akasema likizo hii nisijisumbue kuja. Hakufafanua. Sikuuliza.

Nimeamua kushughulikia gari badala yake. Ni gari zuri, la buluu, lina turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini. Tatizo ni sauti. Linapita kama mtu anayenyata msibani. La Kang'ethe linanguruma, na likikaribia soko la mifugo mbuzi wanapisha. Langu likipita mbuzi wanaendelea kulala. Miaka hii yote Garissa, na hata mbuzi hawanijui.

Yarrow, fundi wa gereji ya karibu na soko, ana bomba pana la ekzosi, la kutolea moshi. Anasema linaweza kuingia kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, mradi kile kichujio cha moshi kilicho katikati kitolewe. Nimesema kitolewe.

Jumanne, 5 Agosti

Kang'ethe ametokea gereji bila kualikwa. Akainama, akachungulia chini ya gari langu kama daktari. Akauliza nani atapanga upya kompyuta ya injini.

Nikamwambia ni bomba tu. Bomba ni chuma. Chuma na kompyuta wapi na wapi?

Akaanza somo. Eti ningebadilisha kipande cha nyuma peke yake, baada ya kichujio, kusingekuwa na shida, injini isingejua. Lakini nikifungua kuanzia kwenye turbo na kuondoa kichujio, moshi unatoka kwa wepesi, turbo inazunguka kupita kiasi, hewa inaingia nyingi, na kompyuta inaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha zamani. Hewa nyingi, petroli kidogo, moto mkali. Pistoni inayeyuka. Akasema ana waya na programu, nimletee gari jioni, ataipanga bure.

Hilo neno "bure" ndilo lililoniudhi. Alilisema mbele ya Yarrow.

Nimekataa kwa heshima. Mwalimu wa Kiswahili ana uwezo wa kuendesha bomba lake mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Sauti ni ya ajabu. Nimepita soko mara kadhaa. Mbuzi wamesimama. Ngamia mmoja amenitazama.

Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, ya manjano. Haizimiki. Nimeifunika kwa kipande cha plasta.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mzee Hirsi ameketi kwenye kibaraza chake, simu mkononi. Mzee Hirsi ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishikwa na malaria, akanilisha kwa kijiko na kufua shuka zangu, na hatukuwa tumejuana hata wiki. Sijawahi kumlipa fadhila ile. Hajawahi kuitaja.

Aliyempigia ni Idil, mpwa wake, kutoka Hadado. Dada yake mkubwa, Ardo, ni mgonjwa sana. Mama yao alikufa Hirsi akiwa bado ananyonya, na Ardo ndiye aliyembeba mgongoni, kisima hadi kisima, mpaka akajua kutembea. Mpaka leo hamwiti kwa jina. Anamwita Abaayo, yaani dada. Sasa Abaayo anamtaka.

Abdihafid, mwanawe Hirsi, ameshampatia kiti kwenye basi la kesho asubuhi. Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia mzee aliache basi. Basi linamtapisha siku zote, na litamshusha Wajir atafute gari lingine la Hadado. Mimi nitampeleka hadi mlangoni. Kesho Yarrow anakaza vishikio vya bomba, Ijumaa tunatoka alfajiri, na alasiri atakuwa amemshika dada yake mkono.

Abdihafid hakupendezwa. Alisema mgonjwa hangoji fundi. Mzee akanitazama kwa yale macho yake yenye ukungu.

"Mwalimu, gari iko tayari kweli?"

Nikasema iko tayari kuliko wakati wowote.

"Basi nitaenda na mwalimu," akamwambia mwanawe. "Huyu ni kama wewe tu."

Niliingia ndani haraka. Sijui kwa nini macho yaliniwasha.

Alhamisi, 7 Agosti

Basi limeondoka bila yeye. Abdihafid amekuja kuniambia hivyo, kana kwamba sikulisikia likipiga honi.

Gari lina joto zaidi ya kawaida na nguvu zaidi ya kawaida. Yarrow anadhani mambo haya yanahusiana. Kang'ethe amenitumia ujumbe: nisipande nalo barabara ndefu kabla hajaiona kompyuta, dakika chache zinatosha. Nimeufuta. Angetaka kila mtu shuleni ajue nani alimfikisha Mzee Hirsi.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nikiwa kando ya barabara, mbele kidogo ya Modogashe. Gari limekufa.

Mwanzo tulikuwa tukiruka. Mzee alishika mkanda kwa mikono miwili akicheka, akisema gari hii inalia kama fahali, Abaayo atasikia kabla hatujafika Wajir. Alikuwa amembebea shuka jipya na tende. Akanihadithia jinsi Ardo alivyompiga fisi kwa gogo la kuni kwa ajili yake. Nikazidi kukanyaga.

Halafu kukasikika mlio kama wa karanga zinazokaangwa. Halafu mshindo. Halafu moshi wa buluu nyuma, na kimya. Nilifungua boneti nikaifunga tena. Hakukuwa na la kusoma pale.

Mzee hakulalamika. Alikaa kwenye kivuli cha gari akaniuliza kama nina kiu.

Simu yake ililia jua likiwa linapanda. Alikuwa Idil. Alisikiliza. Alisema neno moja au mawili ya Kisomali, kisha, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akaizima simu, akaiweka mchangani kama kitu kinachoweza kuvunjika. Ardo amefariki asubuhi hii. Wanamzika leo leo, baada ya swala ya Ijumaa.

Aliomba maji yaliyobaki kwenye chupa, akatawadha, akaswali palepale. Mimi nilisimama upande wa pili wa gari, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Alipomaliza akauliza, bila hasira yoyote:

"Mwalimu, yule Kang'ethe na kombyuta yake. Ingesaidia?"

Nikamwambia hapana. Nikasema petroli ya siku hizi imechanganywa.

Akatikisa kichwa polepole. "Sawa," akasema. "Sawa, mwanangu."

Jumamosi, 9 Agosti

Hadado. Lori la mifugo lilituokota jana jioni. Mzee alipewa nafasi mbele. Mimi nilipanda nyuma na mbuzi, ambao hawakuonyesha heshima yoyote.

Kaburi bado ni bichi. Mzee alichuchumaa akaugusa udongo kwa kiganja, akaliacha shuka jipya juu ya magoti yake, halikuwa na kazi tena.

Idil alitupa chai. Hakujua mambo ya basi, alikuwa anasimulia tu. Alisema Alhamisi jioni Ardo alipata nguvu, akaketi, akanywa maziwa ya ngamia. Akataka kitanda kisogezwe karibu na mlango. Kila gari lililopita aliuliza kama ni Hirsi.

Mzee Hirsi hakunitazama. Hilo ndilo lililonishinda. Nilitoka nje nikajifanya napiga simu. Nikampigia Wanji kweli. Hakupokea.

Jumapili, 17 Agosti

Garissa. Kang'ethe ndiye aliyelifuata gari langu Modogashe na kulivuta kwa kamba hadi kwa Yarrow. Hakusema "nilikuambia." Alinipa pole ya msiba, akaenda zake. Mtu mwenye kiburi sana.

Pistoni moja ina tundu la kupitisha kidole. Yarrow amepata injini nyingine Nairobi, itafika Jumatano.

Mzee Hirsi, aliyerudi nami wiki hii, ameondoka tena leo kwenda Hadado kuisomea roho ya dada yake dua. Nilimwambia asubiri Jumatano, nitampeleka mwenyewe. Akanishika bega, akasema asante mwalimu, akapanda basi akiwa na mfuko wa plastiki wa kutapikia. Nilimpungia mkono hadi basi likakata kona. Sidhani aliniona.

Yarrow ameuliza kama arudishe kichujio cha moshi. Nimekataa. Kang'ethe naye amepitia jioni, akauliza kama alete waya wake Jumatano.

Nimemwambia hakuna haja. Kompyuta ilikuwa na ugomvi na ile injini ya zamani. Hii ni ngeni, haijui lolote. Nikitoka Alhamisi mapema, nitamkuta mzee Hadado kabla hajatafuta basi la kumrudisha.